Sabuni Isiyochoma Mikono

Jumatatu, 3 Machi

Meneja wa nyumba ya wageni amerudisha foronya tatu. Zina madoa mekundu. Madogo sana, kama mtu aliyekuwa anajaribu kalamu. Nikamwambia ni kutu ya waya wa kuanikia. Akanitazama mimi, akamtazama mke wangu, kisha akaitazama mikono ya mke wangu. Nikaachana na habari za kutu.

Hali yenyewe ni hii. Mke wangu ni dobi. Jumanne na Ijumaa anafua mashuka sitini ya nyumba ya wageni, na mteja mwingine wa maana hatuna. Mimi ni mtu wa pasi, kukunja, kupeleka mzigo, na ushauri. Miaka tisa ya sabuni kali imemla mikono. Imepasuka kwenye kila kiungo cha kidole. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Namfungia mimi, naye anatazama ukutani.

Muuguzi wa zahanati alimwambia wiki iliyopita: sabuni ibadilike au kazi iachwe, la sivyo vidonda vitachimba ndani na hatafua tena maisha yake. Na meneja leo kasema doa moja tena, mzigo unakwenda kwa wale wenye mashine kubwa. Yaani huku vidonda, huku meneja.

Mchana akaja shemeji. Huyu ni kaka yake mke wangu, ana duka la vifaa vya ofisi na tai ambayo nadhani anaoga nayo. Akaishika mikono ya dada yake, akaigeuza kama mtu anayekagua mzigo uliovunjikia njiani. Akasema aje akae kwake, auze bahasha. Akasema, bila kunitazama, kwamba hapa dada yake anaisha vipande vipande.

Maneno makali! Mbele yangu! Mimi niliyepika melini miaka minne na kushuka bandari kumi na moja!

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ndani ya wiki moja nitakuwa na sabuni laini kama maziwa. Shemeji akacheka mpaka tai ikatikisika.

Sasa lazima niwe nayo.

Jumanne, 4 Machi

Elimu haiozi. Nilifika kidato cha pili, na ningefika cha tatu kama si chuki za mwalimu wa hesabu. Leo elimu hiyo imeniokoa.

Nilikuwa na karatasi ya gazeti la sayansi niliyofungiwa misumari mwaka jana. Sikuitupa. Watu wakubwa hatutupi karatasi. Inasema wataalamu wanatengeneza dawa ya povu kutokana na selulosi na mafuta ya mimea. Selulosi ni ule unyuzinyuzi wa pamba, mbao na karatasi. Ukiulainisha kwa dawa na kuuoanisha na mafuta, unapata kitu chenye pande mbili, upande mmoja unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta. Uchafu ni mafuta. Kitu hicho kinasimama katikati kama dalali: mkono huu kamshika muuzaji, mkono huu kamshika mnunuzi, anawatoa wote wawili nje ya nguo. Na hakichomi ngozi! Gazeti limesema.

Nikamweleza mke wangu. Akasikiliza huku anapaka mafuta ya mgando vidoleni. Akauliza selulosi inapatikana wapi. Ndipo nikasimama, nikafungua chujio la mashine ya kukaushia.

Manyoya ya pamba! Yale mavumbi laini yanayobanduka kwenye mashuka na kunasa kwenye chujio! Kila wiki tunatupa ndoo nzima! (Mashine hii niliiokota ikiwa chakavu, nikaifufua mwenyewe. Fundi umeme alisaidia kidogo, yaani aliitengeneza. Ile ya kufulia hatukubahatika. Tunaiwekea maua.)

Mke wangu akasema haya, mume wangu, mradi isiwe na kostiki. Kostiki ni yale magadi makali ya kupikia sabuni, ndiyo yaliyomla mikono. Nikamwahidi. Hata tone.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa Mzee Chupa, jirani. Alikuwa mtunza maabara shuleni miaka thelathini, ana chupa mpaka chini ya kitanda. Nikamwonyesha gunia langu la manyoya. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hii ni selulosi, mzee wangu. Akasema hata karatasi anayojifutia yeye ni selulosi, na bado hajawahi kujitangaza mtaalamu.

Wivu wa wasomi. Nikauvumilia.

Akasema manyoya hayo nikiyachemsha kwa maji matupu mpaka mwisho wa dunia yatabaki manyoya. Hayalegei bila kostiki. Nikamwambia nimeshaapa. Akasema basi nikatengenezee mto.

Nimefikiri kutwa nzima. Nimeona hivi: kostiki ikikutana na manyoya itakuwa na kazi ya kufanya. Itakuwa imeshughulika. Kitu kilichoshughulika hakina nafasi ya kusumbua mikono ya watu. Kwa hiyo kostiki iliyopo si kostiki tena, ni kama askari aliyestaafu.

Nimenunua mkebe. Nimebandua karatasi ya jina.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu asubuhi: mke wangu kaenda sokoni. Nimebandika sufuria kubwa uani. Manyoya ndani, maji, mkebe nusu.

Saa nne: yamelegea! Yamekuwa gundi ya kijivu. Mwiko unasimama wenyewe.

Saa tano: nimemimina mafuta ya nyonyo. Yamepanda juu, yamekaa pale kama wageni wasiopenda chakula. Povu hakuna. Nimerudi kwenye karatasi ya gazeti kuona kinachofuata. Sentensi ya mwisho inasema: "Baada ya hapo huongezwa". Basi. Pale ndipo palipochanika. Huongezwa nini? Huongezwa nini, jamani! Mwenye duka la misumari ana sehemu iliyobaki, au kamfungia mtu mwingine.

Nimeongeza siki. Imechemka, ikanuka, ikanyamaza. Nimeongeza mafuta ya alizeti. Nimeongeza chumvi, kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kuharibika kwa chumvi kidogo. Nimeongeza kostiki iliyobaki, yote, kwa hasira.

Saa saba: POVU!

Jeupe! Zito! Limepanda mpaka ukingoni! Nimelia. Sioni haya kuandika. Nimelia kama siku niliyofunga ndoa.

Nikamwita Mzee Chupa aje aone kwa macho yake. Akaja na kikaratasi chake cha kupimia, akakichovya, kikawa bluu kama wino wa shule. Akasema hii iko kali, niiache ikae wiki nne itulie, na nisithubutu kumpa mtu. Wiki nne! Mashuka ni kesho, foronya zina madoa, shemeji anasubiri na bahasha zake. Nikamshukuru kwa kuja.

Lakini mimi si mpumbavu. Nimeijaribu. Nimechovya vidole vyangu vyote kumi, nikahesabu mpaka mia mbili. Sikuhisi chochote. Wala joto, wala baridi. Mikono hii imeshika pasi miaka tisa, imeungua mara ngapi sijui, na leo haikulalamika hata mara moja. Ushahidi gani tena!

Ijumaa, 7 Machi

Sijui niandikeje.

Niliweka beseni mbele yake. Nikatoa hotuba fupi. Akaniuliza nina hakika? Nikamwambia nimeijaribu kwa mikono hii hii. Akanitazama, akatabasamu, akakunja mikono ya blauzi. Akaingiza yote miwili mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayeingia kwenye maji aliyoyaota.

Hakupiga kelele. Alisema tu, nilete maji. Mengi.

Baadaye, zahanati. Muuguzi amemfunga bendeji mpaka viwiko. Kasema asiloweshe mikono wiki nzima, labda mbili, na baada ya hapo ndipo tutajua kama ni ya kufua tena au vipi. Akaniuliza nilitumia nini. Nikaanza habari za selulosi. Akaniomba ninyamaze, kwa heshima lakini.

Kisha akauliza kwa nini hatutumii glavu za mpira. Ziko duka la vifaa, akasema, mlango wa tatu kutoka hapa, wanazitundika mlangoni. Mke wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba aliwahi kuzitaka, mwaka juzi, nami nikamwambia glavu ni za watu wasiojua kazi.

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini yanafanana sana na maneno yangu.

Jioni nimemlisha kwa kijiko. Nikamwambia anipige. Akasema angenipiga kwa nini, na mikono yenyewe iko wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Mashuka sitini ya Ijumaa yalikuwa bado. Nimeamka alfajiri nikafua mwenyewe. Kwa sabuni gani? Ile ile. Ilikuwa imejaa sufuria, na mimi hainidhuru. Mtu hatupi kazi ya wiki nzima kwa ajili ya kasoro moja.

Inatakatisha! Lazima niiseme haki yake. Mashuka ya nyumba ya wageni ni ya bluu iliyokolea, na yalitoka ndani ya maji yakiwa yanang'aa. Nikayakausha, nikayapiga pasi upesi upesi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nikapeleka mzigo saa nane, nikatandika mwenyewe vitanda vya ghorofa ya chini kumsaidia mhudumu, nikarudi nyumbani nikasimulia ushindi.

Saa kumi na moja meneja amekuja kwa miguu yake. Hajawahi kuja kwa miguu yake.

Manyoya. Hayakuyeyuka. Yalijificha ndani ya povu, yakaingia kwenye kila uzi, na mtu akilala tu yanatoka yote. Mgeni mmoja, bwana mwenye suti nyeusi aliyekuja kufanyiwa usaili wa kazi, alijilaza nusu saa apumzishe mgongo. Akainuka akiwa kuku. Meneja anasema walimpangusa watu watatu na bado alikwenda kwenye usaili akiwa na mabawa.

Kasema tukachukue vikapu vyetu Jumatatu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na bendeji zake mbili, ameziinua juu kama mtu aliyeambiwa asalimu amri. Alisikia kila neno.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja na gari. Mke wangu kaenda kwake.

Nimemfungia vifungo vya blauzi. Vyote. Nilivifunga polepole. Alisema ni mpaka mikono ipone tu. Kisha akasema hajui. Yote mawili aliyasema kwa pumzi moja, na sijui nishike lipi.

Shemeji hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alibeba mkoba wa dada yake, akanipita, akasema, haya, bwana mkubwa.

Nimekwenda kwa Mzee Chupa nikamwomba aniambie ukweli, nimetengeneza nini hasa. Akanipa kiti. Akasema mafuta ukiyachanganya na kostiki unapata sabuni, ya kawaida, ile inayouzwa kila duka. Mimi nimetengeneza sabuni ya kawaida. Ila nimezidisha kostiki maradufu, kisha nikaitia manyoya. Nikauliza, selulosi je? Akasema selulosi iko pale pale, haina habari na mtu, na wale wa gazeti wana dawa na mitambo ambayo hata yeye kwa miaka thelathini hajaiona. Akaomba nimwonyeshe vidole vilivyofanya jaribio. Akanichoma kwa pini. Sikushtuka. Akatikisa kichwa. Akasema mikono yangu ilishakufa zamani, na mimi ndiyo nikaifanya shahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepasha pasi. Hakuna cha kupiga. Nimepiga pasi pazia. Nimepiga pasi taulo. Nimezima.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa meneja. Sikutoa hotuba. Nilimwambia kosa ni langu peke yangu, mke wangu hakugusa hata shuka moja, na miaka tisa hajawahi kumharibia. Nikamwomba nitoe manyoya kwenye mashuka yote sitini, moja moja, kwa mkono, kisha yeye aamue. Akasema wewe unanichosha. Kisha akasema chumba cha stoo kiko wazi.

Manyoya hayatoki kwa brashi. Yanatoka kwa kuchomoa. Hayatoki kwa vidole vyangu pia, maana siyahisi. Lazima nione kila moja kwa macho. Tangu asubuhi mpaka jua linashuka: mashuka manne.

Jumatano, 12 Machi

Mashuka matano. Mgongo umekuwa kama herufi C.

Nimepita nje ya duka la shemeji wakati wa chakula cha mchana. Nilimwona mke wangu kwa kioo. Amekaa kwenye kiti kirefu, bendeji mapajani, anawatazama watu wakinunua bahasha. Sikuingia. Nilijifanya nasoma bei za kalamu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika stoo nikamkuta shemeji. Ameketi juu ya ndoo, tai kaitupa begani, anachomoa manyoya! Anafanya haraka kuliko mimi, ana vidole vinavyofanya kazi. Kabla sijasema neno akasema nisianze, hafanyi kwa ajili yangu. Dada yake hali, hanywi, anauliza tu kama mashuka yamefika mangapi. Akasema ameshindwa kumtazama.

Tukachomoa. Baada ya muda akaniuliza, hivi kweli nilitia chumvi? Nikasema kidogo. Mabega yakaanza kumtikisika. Akasema dada yake aliolewa na sarakasi. Nikasema angalau hakulipa kiingilio. Tukacheka wote wawili mpaka mhudumu akachungulia, na katika kucheka mimi nikajikuta nalia, naye akageukia ukutani, akaendelea kuchomoa.

Mashuka ishirini na mawili leo.

Jumamosi, 15 Machi

Sitini! Meneja kalala juu ya moja kwa suruali yake nyeusi, akainuka, akajikagua nyuma kwenye kioo. Safi. Kasema anaturudishia nusu ya mzigo mmoja. Mashuka thelathini, Ijumaa tu, na akiona unyoya mmoja hataki hata salamu yangu.

Shemeji kanunua glavu za mpira, jozi tatu, za njano. Mlango wa tatu. Zilikuwa zimetundikwa mlangoni kama muuguzi alivyosema.

Jumapili, 16 Machi

Karudi.

Bendeji zimetolewa. Ngozi mpya ni ya waridi, nyembamba kama ya kitunguu, lakini haijapasuka popote. Muuguzi anasema mikono itafua, kwa glavu, mwezi ujao. Mpaka wakati huo nafua mimi kwa sabuni ya dukani, naye atanisimamia akiwa kitini. Ameshaanza. Ameniambia nasuuza kama mtu anayeaga abiria.

Kisha akaniketisha. Akasema ana jambo moja tu, na asiposikia jibu la kueleweka shemeji bado hajazima gari. Niape sitatengeneza sabuni tena. Si ya maji, si ya kipande, si ya unga. Nimeapa. Nimesimama nikaapa, mkono kifuani, machozi yananitoka. Sijawahi kusema kitu kwa dhati namna ile. Nikaimwaga sufuria yote shimoni mbele yake. Gari likaondoka.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa kalamu ili nisije kusahau: nimejifunza.

Jumanne, 18 Machi

Glavu ya kulia imechanika kwenye kidole gumba. Siku mbili tu! Za kiwandani hizo! Nilikuwa nazivaa mimi nikijizoeza kabla yake, na nikafikiria kama angekuwa ameivaa yeye, maji yale yakaingia kwenye ngozi ile ya waridi, nikazivua upesi.

Sasa sikiliza. Leo nimekwangua sufuria, chini kulikuwa na mabaki. Yale manyoya yaliyolegea, yameshika mafuta ya nyonyo. Yaliniganda mpaka kwenye kifundo cha mkono, nikakaa juani nikasahau. Yakakauka. Nikayabandua, yakatoka kama mkono mzima. Vidole vitano! Kucha zinaonekana! Nimeujaza mkono ule maji: umetunza kwa muda mrefu kabla ya kuvuja. Unahitaji kuongezwa kitu tu. Nta, labda. Labda kostiki kidogo ya kukazia.

Kiapo changu nakitunza mpaka kaburini. Sabuni sitengenezi. Glavu si sabuni. Mwanasheria yeyote mwenye akili timamu atakuambia hivyo.

Mchana nilimwomba mke wangu aweke kiganja juu ya karatasi, nikakizungushia kalamu polepole, kidole kwa kidole, nisimguse kwenye ngozi mpya. Akacheka, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Akasema, baba, umekuwa na mapenzi siku hizi.

Ni mapenzi. Hilo sibishi. Lakini pia sasa nina saizi yake.